Askari wa Maharaja katika Pwani Yetu

Tunapoadhimisha mwaka mwingine wa hekalu letu, imetupasa kuwakumbuka wana wa India waliofika Tanga si kwa biashara wala kwa ujenzi wa reli, bali kwa amri ya Kaisari.

Tangu zama za kale makaisari wamekuwa na vikosi vyao teule. George wa Tano, aliyeitwa Kaisari wa India, naye alikuwa navyo. Mwishoni mwa karne ya 19 watawala wa India walianza kutenga askari wao bora, wakiwagharimia kwa hazina zao, ili waitumikie dola ya Uingereza vitani. Miongoni mwao walikuwamo askari wa Kashmir, Wadogra na Wagurkha wa Maharaja Pratap Singh, wengi wao wakiwa Wahindu.

Novemba 1914 jeshi la watu wapatao 8,000 lilishuka Ras Kasone kuivamia Tanga, iliyolindwa na askari wapatao 1,000 wa von Lettow-Vorbeck. Humo walikuwamo Wahindu na Waislamu bega kwa bega. Baadhi ya vikosi vilivunjika, na nyuki nao wakawashambulia. Lakini tarehe 4 askari wa Kashmir, pamoja na Waingereza wa Lancashire, waliingia mjini wakipigana. Hata hivyo, jeshi zima liliamriwa kurudi melini.

Januari 1915, huko Jasini karibu na mpaka wa Kenya, Kanali Raghbir Singh aliongoza kampuni nne zilizozingirwa na kampuni tisa za Wajerumani. Kanali aliuawa. Risasi zilipowaishia, tarehe 19, waliobaki walisalimu amri, na Lettow-Vorbeck mwenyewe akausifu ulinzi wao.

Hatuandiki haya ili kuutukuza ukaisari. Wengi wa waliopambana nao walikuwa askari Waafrika, waliomtumikia Kaisari mwingine, wa Ujerumani. Wenyeji wa Tanga na Jasini, ambao mashamba na nyumba zao ziligeuzwa uwanja wa vita, hawakuulizwa na Kaisari yeyote.

Hapa Tanga lipo kumbusho la wanajeshi wa India waliokufa katika mapigano hayo. Ndugu zao hawakuwapo kuwaaga, nasi ndio tulio karibu nao. Basi mwanachama au jirani apitaye hapo na asimame kidogo, awaombee wao pamoja na Waafrika waliolala katika ardhi hii hii.