Jeshi la Marekani na visahani vinavyoruka: faili 12,618 zinasema nini?

Naona mada za UFO, yaani vile vitu vya angani visivyotambulika, haziishi hamu. Kila zikitajwa, mmoja anasema uzushi mtupu, mwingine anaapa kwamba jeshi la Marekani linajua kila kitu ila linaficha. Sasa jeshi hilo lilichunguza jambo hili rasmi kwa zaidi ya miaka 20, na makabrasha yake yako wazi. Nimewakusanyia hapa yaliyomo, ili tubishane tukiwa na kitu mkononi.

ILIANZAJE?
Tarehe 24 Juni 1947 rubani mmoja, Kenneth Arnold, alisema ameona vitu tisa vinang'aa vikipita kwa kasi ya ajabu karibu na mlima Rainier, jimbo la Washington. Alieleza kwamba vilikwenda kama kisahani ukikirusha kikaruka-ruka juu ya maji. Yeye alikuwa anaelezea mwendo, magazeti yakageuza kuwa umbo. Ndiyo "visahani vinavyoruka" vikazaliwa, na ripoti zikamiminika nchi nzima.

Kumbuka Vita Baridi ndiyo ilikuwa inaanza. Wakubwa wa jeshi walichotaka hasa kujua ni kama Warusi wana ndege mpya. Ukilishika hilo, mengine yote yanaeleweka. Mradi wa kwanza uliitwa Sign, ulianza 1948. Mwaka 1949 ukafuata Grudge, na 1952 ukaja ule maarufu, Blue Book, wenye makao kambi ya Wright-Patterson, Dayton, Ohio. Mkuu wake wa kwanza, Kapteni Edward Ruppelt, ndiye anayetajwa kuwa aliingiza jina UFO, kwa sababu si kila kilichoripotiwa kilikuwa na umbo la kisahani.

1952: MOTO UNAWAKA
Julai 1952, wikiendi mbili mfululizo, rada za Washington, D.C. zilionyesha vitu visivyojulikana juu ya mji mkuu. Ndege za kivita zikarushwa. Tarehe 29 Julai Meja Jenerali John Samford akaita waandishi na kusema huenda ni hali ya hewa: tabaka la hewa ya joto likikaa juu ya hewa baridi linaweza kuidanganya rada.

CIA nao wakashtuka. Januari 1953 waliita jopo la wanasayansi chini ya H. P. Robertson. Jopo likasema halioni ushahidi kwamba vitu hivyo ni tishio, ila wingi wa ripoti ndio hatari, kwa sababu unaweza kuziba mawasiliano ya jeshi siku adui akishambulia kweli. Likashauri vyombo vya habari vitumike kupunguza hamu ya wananchi. Hapo ndipo uchunguzi ulipoanza kugeuka kazi ya kutuliza watu.

SIRI ILIYOKUWEPO KWELI
Hii ndiyo sehemu inayonigusa zaidi. Agosti 1955 ndege ya kijasusi U-2 ilianza kuruka kwa siri. Ilipanda zaidi ya futi 60,000, wakati ndege za abiria za wakati huo nyingi zilikuwa futi 10,000 hadi 20,000. Jioni, chini kukiwa giza, jua lilikuwa bado linaipiga huko juu. Rubani wa abiria anaona kitu kinawaka mahali ambapo hakuna ndege inayofika. Anaripoti. Watu wa Blue Book wakawa wanauliza CIA kimyakimya na kulinganisha na ratiba za U-2. Jibu wanalipata, lakini aliyeripoti hawawezi kumwambia. Anapewa maelezo mengine.

Historia ya CIA yenyewe, iliyotolewa 1997, ilidai zaidi ya nusu ya ripoti za mwisho wa miaka ya 1950 na miaka ya 1960 zilitokana na ndege za kijasusi. Wapo watafiti wanaopinga kiwango hicho. Lakini kwamba watu walifichwa, hilo halina ubishi. Tena waliofichwa hawakuwa wendawazimu. Waliona kitu cha kweli!

GESI YA KINAMASI
Machi 1966 watu wengi jimbo la Michigan waliona mianga. Mshauri wa Blue Book, mtaalamu wa nyota J. Allen Hynek, akasema baadhi yake huenda ni gesi ya kinamasi. Nchi nzima ikacheka. Mbunge Gerald Ford, aliyekuja kuwa rais, akataka Bunge lichunguze. Jeshi likakipa kazi Chuo Kikuu cha Colorado chini ya Edward Condon, na ripoti yake ya 1969 ikasema kuendelea hakutaongeza elimu. Tarehe 17 Desemba 1969 Blue Book ikafungwa. Hynek, aliyeingia akiwa mpingaji, alitoka akilalamika kwamba kazi haikufanywa kisayansi.

HESABU YA MWISHO
Ripoti zote: 12,618. Nyingi zilikuwa nyota, sayari kama Zuhura, vimondo, maputo na ndege. Zilizobaki bila jibu: 701, kama asilimia 5.6. Mojawapo ni ya polisi Lonnie Zamora wa Socorro, New Mexico, Aprili 1964.

Sasa wadau, "haikutambulika" maana yake haikutambulika, basi. Siyo "wageni wa sayari nyingine", na wala siyo "muongo yule". Mwaka 2022 Pentagon ilianzisha ofisi mpya, AARO, na ripoti yake ya Machi 2024 ilisema haikupata ushahidi wa teknolojia ya viumbe wa nje katika chunguzi zote za serikali tangu 1945. Wengi hawakuamini, na mimi siwashangai. Ukimdanganya mtu miaka ya 1950 kwa sababu ya ndege, mjukuu wake hatakuamini hata siku unayosema kweli.

Wewe unaonaje? Serikali ikiwa na siri halali ya ulinzi, imwambie nini raia aliyeona kitu kwa macho yake? Tiririka hapo chini. Matusi hapana.