Haki ya mgonjwa wa akili kuondoka hospitalini

Kwa familia nyingi za Moi's Bridge, safari ya kumpeleka mgonjwa wa akili kwa matibabu huelekea Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Wengi hujua namna ya kumfikisha, lakini taratibu za kumtoa hawazifahamu.

Sheria ya Afya ya Akili, iliyopitishwa mwaka 1989, iliruhusu mtu kulazwa bila hiari yake kwa ombi la jamaa likiambatana na pendekezo la daktari. Aidha, polisi au chifu alipewa uwezo wa kumfikisha hospitalini mtu anayeonekana kuwa hatari kwake mwenyewe au kwa wengine.

Aliyelazwa kwa ombi la jamaa aliwekewa muda wa miezi 6. Mkuu wa hospitali aliweza kuuongeza, mradi jumla isizidi miezi 12.

Kabla ya muda huo kwisha, mkuu huyo aliweza kumruhusu mgonjwa kwa maandishi, kwa pendekezo la daktari anayemtibu. Jamaa au rafiki naye aliweza kuomba akabidhiwe mgonjwa amtunze nyumbani.

Hata hivyo, njia hiyo haikuwahusu waliopelekwa hospitalini na mahakama katika kesi za jinai. Wengi wao walizuiliwa kwa hiari ya Rais, bila kikomo. Majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wameamua kwamba utaratibu huo unakiuka Katiba ya mwaka 2010.

Katiba hiyo, katika ibara ya 25, inalinda haki ya mtu aliyezuiliwa kufikishwa mbele ya mahakama ili uhalali wa kuzuiliwa kwake uchunguzwe. Ibara ya 22 inamruhusu mtu mwingine kufungua kesi kwa niaba ya asiyeweza kujitetea.

Sheria ya 1989 ilirekebishwa mwaka 2022 na kuongezewa haki za wagonjwa, ikiwemo haki ya kushirikishwa katika maamuzi ya matibabu.

Kwa hiyo, jamaa aulize mambo manne: mgonjwa amelazwa kwa kifungu kipi, tangu tarehe gani, muda wake unakwisha lini, na daktari gani anamtibu. Majibu hayo ndiyo msingi wa ombi lolote, hospitalini au mahakamani.

Kikwazo kingine huwa nyumbani. Aliyepata nafuu asipokuwa na wa kumpokea, hubaki wodini hata baada ya kuruhusiwa.