Pori la Handeni Lililodhaniwa la Kale

Wakati wa Mwingereza, nchi ya Wazigua, kuanzia Sindeni hadi magharibi ya Handeni, ilielezwa kwa hoja iliyoonekana haina pengo: hili ni pori la tangu zamani, mbung'o ndiye mwenyeji wake, ng'ombe hawastahimili, kwa hiyo watu ni wachache na njaa haiwaachi. Kila kipande cha hoja hiyo kilikuwa na ushahidi. Mbung'o walikuwapo, mifugo ilikufa, na tangu 1895 mtafiti David Bruce alikuwa ameshaonyesha kimelea kinachosababisha nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o. Kosa halikuwa machoni. Lilikuwa katika kupanga mambo. Afisa aliyefika miaka ya 1920 aliona hali ya siku ile akaihesabu kuwa ya milele, na kilichokuwa tokeo akakifanya chanzo.

Katika kitabu chake cha 1992, mwanahistoria James Giblin aliipindua hoja hiyo. Karne ya 19 wakuu wa Uzigua walikuwa na ghala, mifugo na watu waliowategemea. Mashamba na moto wa kiangazi viliweka kichaka mbali na vijiji. Kisha miaka ya 1890 ikaleta sotoka, nzige na njaa, na juu yake Wajerumani wakaweka kodi ya nyumba. Chakula cha akiba kikauzwa ili fedha ipatikane, vijana wakavutwa kwenye mashamba makubwa upande wa Korogwe na Pangani, na wakuu wakapoteza uwezo wa kuwalisha watu wao. Shamba lililoachwa hugeuka kichaka baada ya misimu michache tu. Nguruwe-mwitu huingia, na mbung'o huwafuata. John Ford, ambaye mwenyewe alikuwa mtaalamu wa mbung'o katika utumishi wa kikoloni, alikwisha kulisema jambo la namna hii kuhusu Afrika kwa jumla mwaka 1971. Ushahidi wa mtu aliyekuwa ndani ya kazi hiyo una uzito wake.

Yupo atakayesema kuwa huku ni kuipaka sukari enzi ya kabla ya ukoloni. Pingamizi hilo ni la haki. Njaa ya miaka ya 1830 iliwapeleka Wazigua wengi utumwani hadi Somalia, ambako vizazi vyao kando ya Mto Juba bado vinazungumza Kizigua. Na wale wakuu wenye ghala walikuwa pia na watumwa. Lakini hoja haidai kwamba watu waliishi raha. Inadai kwamba kichaka kilikuwa na mipaka, na kwamba mipaka hiyo ilishikiliwa kwa jembe na moto. Pingamizi la pili ni gumu zaidi: je, wenyeji nao hawakuwa na imani potofu, za mvua na za uchawi? Walikuwa nazo. Ila usahihi wa maelezo na usahihi wa kazi havitembei pamoja daima. Mkulima aliyeitia moto nyasi ya kando ya kijiji huenda alieleza ukame kwa hasira ya mizimu; moto wake uliondoa vivuli vya mbung'o vilevile. Serikali iliyolijua jina la kimelea ilikusanya watu mahali pamoja katika sehemu mbalimbali za Tanganyika ili kuwakinga na malale, ugonjwa wa watu unaoenezwa na mbung'o, na mashamba waliyoyaacha nyuma yakaota kichaka.