Simba, chui na mbwa wa kunusa: Wanyama wakali hufuatiliwaje Kasese na Bwera?

Mfugaji wa Hamukungu, kando ya Ziwa George, anapoamka na kumkuta ndama wake ameraruliwa, hujiuliza mambo mawili: ni mnyama gani, na ameelekea wapi? Zamani jibu lilitafutwa kwa mkuki na mbwa. Leo sheria hairuhusu msako huo, na wataalamu wanaeleza kuwa mbwa anaweza kuleta madhara makubwa kuliko faida. Haya ndiyo mambo muhimu ya kufahamu.

Wanyama hawa wanaishi wapi?

Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, ikapewa jina la sasa mwaka 1954. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,978. Simba hukaa zaidi katika mbuga za nyasi za Kasenyi, upande wa Kasese, na Ishasha, kusini, ambako wana tabia ya kupanda miti. Chui hupenda vichaka na misitu, ukiwemo msitu wa Maramagambo, na hupatikana pia katika Milima ya Rwenzori.

Upande wa magharibi hifadhi hiyo inapakana na Hifadhi ya Virunga nchini Kongo. Mtu anayevuka kutoka Bwera huonyesha hati zake katika kituo cha mpakani cha Mpondwe. Simba hana kituo, naye huingia na kutoka atakavyo.

Mbwa humfuatiliaje mnyama wa jamii ya paka?

Mbwa wa kuwinda hufuata harufu iliyobaki ardhini na kwenye majani, hasa alfajiri kabla jua halijakausha umande. Simba na chui wana kasi kubwa, lakini pumzi yao ni ya muda mfupi. Kundi la mbwa likiwafukuza bila kukoma, chui hukimbilia mtini, naye simba hugeuka na kupambana.

Mwaka 1911, tajiri wa Kimarekani Paul Rainey alileta nchini Kenya mbwa waliozoea kuwinda dubu, akawatumia kuwasaka simba huku wawindaji wakifuata kwa farasi. Amerika Kusini nako, mbwa wametumiwa kuwasaka jagwa misituni, kwanza na wawindaji na baadaye hata na watafiti waliotaka kuwavisha kola za redio.

Kwa nini njia hiyo haifai hapa?

Sababu ya kwanza ni usalama. Chui ni hodari wa kuua mbwa, na katika msitu mnene mwindaji huchelewa kuona kinachotokea mbele yake. Chui aliyejeruhiwa akajificha kichakani ni hatari kwa kijiji kizima.

Sababu ya pili ni maradhi. Mwaka 1994, virusi vya homa ya mbwa viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti nchini Tanzania, yaani simba wapatao 1,000. Virusi hivyo vilihusishwa na mbwa wa vijiji jirani. Katika hifadhi yenye simba wachache, mlipuko wa namna hiyo unaweza kuwamaliza.

Sababu ya tatu ni sheria. Kuwinda mnyama anayelindwa bila kibali ni kosa. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inaruhusu hukumu ya hadi kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio katika hatari ya kutoweka.

Leo simba wanafuatiliwa vipi?

Watafiti na madaktari wa mifugo humpiga simba sindano ya usingizi kwa bunduki maalumu, kisha humvisha kola inayotoa mawimbi ya redio au kutuma mahali alipo kwa setilaiti. Njia nyingine ni kupiga kwa kipaza sauti mlio wa ndama wa nyati aliye taabuni, na kuwahesabu wanaokuja. Hesabu ya aina hiyo, iliyochapishwa mwaka 2014, ilikadiria simba 144 katika hifadhi hii na 408 katika hifadhi kuu za mbuga nchini Uganda. Chui wa msituni hunaswa kwa kamera zinazojiwasha mnyama anapopita.

Ufuatiliaji huo ndio uliomfanya simba Jacob ajulikane duniani. Alipoteza sehemu ya mguu wa nyuma kwa mtego wa majangili mwaka 2020. Februari 2024, yeye na ndugu yake Tibu walirekodiwa usiku na droni wakiogelea takriban kilomita 1.5 kuvuka Mfereji wa Kazinga, wenye mamba na viboko. Watafiti walieleza kuwa huenda walikuwa wakitafuta majike, ambao wamepungua.

Mbwa wa kunusa wamebaki na kazi gani?

Siku hizi wanamsaka binadamu. Virunga ina kikosi cha mbwa tangu mwaka 2011: wengine hufuata nyayo za majangili, wengine hunusa silaha na pembe za ndovu. Uganda nayo ina mbwa wanaokagua mizigo katika uwanja wa ndege wa Entebbe.

Hatari iko wapi?

Aprili 2018, simba 11, wakiwemo watoto 8, walikufa kwa sumu karibu na Hamukungu. Mwezi uliofuata, chui alimuua mtoto mdogo katika makazi ya wafanyakazi ndani ya hifadhi. Machi 2021, simba 6 walikutwa wamekufa Ishasha, vichwa na nyayo vikiwa vimekatwa. Wenye mifugo na watoto wana hofu ya haki. Nao simba waliobaki hawawezi kuhimili sumu nyingine.

Ukiona nyayo, ufanye nini?

Kwanza, tazama kucha. Simba na chui huficha kucha wanapotembea, hivyo hazionekani kwenye unyayo. Kucha za mbwa na za fisi huonekana. Unyayo wa simba mkubwa kwa kawaida huzidi sentimita 10, na wa chui ni mdogo zaidi.

Usifuate nyayo hizo, wala usifungulie mbwa. Waingize watoto ndani na mifugo zizini, kisha toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa Mamlaka ya Wanyamapori, UWA. Mzoga usiuguse wala kuutia sumu, kwa kuwa ndio ushahidi: sheria ya 2019 iliweka utaratibu wa fidia kwa madhara ya wanyamapori nje ya hifadhi. Na mwenye mbwa ampeleke kuchanjwa. Chanjo humkinga mbwa, jirani na simba pia.