Mzazi Langoni mwa Chuo: Nani Alichagua Jana, Nani Anachagua Leo

Kila mwaka ifikapo Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa, huanza kuonekana katika viwanja vya vyuo vyetu wageni wawili wawili: mzazi na mwanawe. Huzunguka madarasa, huchungulia maktaba, huuliza bei ya chumba. Wapo wenzangu wanaoliona jambo hili kuwa la kawaida, hata la kuchekesha kidogo. Mimi naliona kuwa jipya katika historia yetu, na naamini hatujalitafakari ipasavyo. Kwa zaidi ya karne moja mzazi wa nchi hii amekuwa akitoa mtoto. Hakuwa akichagua chuo.

Tuanzie Umatengo, katika milima ya Mbinga ambako Matiri imo. Kabla ya shule kuna elimu ambayo mzazi aliisimamia mwenyewe. Kilimo cha ngoro, kile cha kulaza nyasi katika miraba, kuzifukia kwa udongo na kuacha mashimo katikati ili maji ya mvua yasiukokote udongo bondeni, hakikufundishwa darasani. Mtoto aliambatana na wazazi wake mlimani, akaona, akashika jembe. Mwalimu, somo na gharama yake vyote vilikuwa mbele ya macho ya familia.

Wamisionari Wabenediktini walifungua Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Vita vya Majimaji vilipopiga Ungoni mwaka 1905, Peramiho ilichomwa moto, lakini ilijengwa upya, na shule zikaongezeka. Katika mwambao wa Nyasa, Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa na makao makuu kisiwani Likoma, na mwaka 1901 waliishusha majini meli ya Chauncy Maples, iliyoundwa Uingereza na kuletwa vipande vipande. Meli hiyo ilikusudiwa kuwa kanisa, zahanati na chuo cha kufundishia walimu kwa pamoja. Fikiri juu ya jambo hilo, msomaji wangu: chuo kilipita kijijini kikielea, kikamkuta mzazi ufukweni. Hata hivyo, aliyeamua nani apande alikuwa padri. Mzazi aliombwa ridhaa, hakuombwa maoni.

Serikali ya kikoloni nayo ilichagua kwa nasaba. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilikusudiwa hasa watoto wa machifu. Mtoto wa mkulima alitegemea zaidi jicho la misheni. Ndiyo njia iliyomfikisha kijana wa Lupaso, Masasi, Benjamin Mkapa, katika seminari ya Kigonsera, na hatimaye Makerere na Ikulu. Njia hiyo ilikuwa nzuri kwa waliopita. Lakini mlango wake ulikuwa na bawabu mmoja tu.

Uhuru ulibadili bawabu. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 ada za sekondari zilifutwa. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kingine. Asiporudi, ni msaliti. Katika mfano huo mzazi halisi ameyeyuka ndani ya kijiji, na kijiji kimekuwa taifa. Wanafunzi walipoandamana Oktoba 1966 kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, karibu 400 walirudishwa makwao. Na baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, aliyetaka kuingia chuo kikuu alipaswa kwanza kufanya kazi na kupata pendekezo la mwajiri na la chama. Baba na mama hawakuwamo katika orodha. Sisemi hivyo kwa kubeza: aliyelipa ndiye aliyechagua, na aliyelipa alikuwa umma.

Miaka ya 1990 ndipo mizani ilipogeuka. Uchangiaji wa gharama uliingia, vyuo vikuu binafsi vikaruhusiwa, na Bodi ya Mikopo ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kuanzia 2010 waombaji walipangwa kupitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Tangu 2017 wanaomba moja kwa moja kwa kila chuo. Kwa mara ya kwanza familia ya Matiri imesimama sokoni mbele ya wauzaji wengi, kila mmoja na kipeperushi chake.

Msimu mmoja alifika chuoni kwetu baba mmoja kutoka Matiri na binti yake. Ofisa aliyewapokea alizungumza na baba tu: hosteli, ulinzi, awamu za malipo. Niliomba ruhusa nikamgeukia binti. "Nawe mwanangu, una swali?" Alimtazama baba yake kwanza. Baba akasema, "Uliza, mama, sisi ndio wageni." Akauliza kwa sauti ndogo: "Shikamoo mwalimu. Kozi hii ikifutwa nikiwa mwaka wa pili, kahawa ya baba inarudi?" Ofisa alicheka. Baba hakucheka, wala mimi.

Swali lile lina historia yote niliyoieleza. Zamani mlipaji na mchaguzi walikuwa mtu mmoja, awe misheni au serikali, naye ndiye aliyepata hasara uchaguzi ukiwa mbaya. Leo hasara imehama. Mzazi anaweka kahawa, ambayo mwezi Julai bado inachumwa na malipo yake hayajafika. Kijana anaweka jina lake kwenye mkopo ambao, akiajiriwa, utakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Chuo kinaweka kipeperushi. Mwenye kuhatarisha kidogo ndiye anayejua mengi, na wenye kuhatarisha vyote wanaoneshwa rangi ya majengo.

Kwa hiyo nawaambia wazazi: msione haya kuja, na mkija msiishie kwenye vitanda. Ulizeni kama programu yenyewe, si chuo peke yake, inatambuliwa na TCU, au na NACTVET kwa vyuo vya kati. Ulizeni walimu wa kudumu wa somo hilo ni wangapi, na waliohitimu wako wapi. Mwacheni kijana aulize mwenyewe, maana deni litaitwa kwa jina lake. Na kama moyo wake uko kwenye uuguzi au ufundi, pitieni pia Peramiho kabla ya kupanda basi la Dar es Salaam. Hakuna aibu kuchagua kilicho karibu kwa sababu ni kizuri.

Nasi wa vyuoni tuna la kufanya. Maonesho ya elimu ya juu hufanyika viwanja vya Mnazi Mmoja, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mbinga. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni magunia yaliyokwisha kuliwa kabla ya ada. Ikiwa misheni yenye meli moja, mwaka 1901, iliweza kukipeleka chuo hadi ufukweni, vyuo vya leo havina udhuru wa kumngojea mkulima langoni. Twende Mbinga mwezi Julai, tukae kwenye benchi la ofisi ya kata, tuulizwe maswali magumu, na tuyajibu.