Nuru ya Uani: Safari ya Nyumba ya Kiswahili hadi Kirando

Aliyezoea kuipima nyumba kwa wingi wa madirisha, akipita katika vichochoro vya Lamu hudhani waliojenga mji ule walikuwa maadui wa nuru. Kuta zimesimama kimya pande zote mbili. Penye mlango pana daka na baraza zake za mawe, mgeni aketipo kungoja jibu la hodi yake. Akikaribishwa ndani, njia humpinda kabla ya kumfikisha, hata jicho la mpita njia haliwezi kumfuata. Kisha ghafla mbingu humfungukia juu ya kichwa. Amefika kiwandani, ndio uwanda ulio wazi katikati ya nyumba, na nuru yote aliyodhani imenyimwa nyumba ile imekusanyika hapo.

Kutoka kiwandani nuru hugawiwa kwa kipimo. Msana hupata fungu kubwa, chumba kinachofuata hupata kidogo, na ndani kabisa, walalapo wenye nyumba, hufika mabaki yake tu, yaliyotulizwa na kuta za chokaa nyeupe na safu za zidaka. Vyumba ni virefu na vyembamba. Wengi hutafuta siri kubwa katika umbo hilo, na siri yenyewe ni boriti ya mkoko: haibebi dari nzito ya mawe zaidi ya upana wa mita 3 hivi, basi fundi hana budi kukifuata kipimo chake. Na ukuta wa mawe ya matumbawe, unene wake nusu mita au karibu yake, huchelewa kupata joto mchana.

Mpango huu ulikubaliana na adabu ya dini bila kulazimishwa. Sura ya An-Nur inawaamuru waumini wasiingie nyumba za watu pasipo kutaka idhini na kutoa salamu, na inataja nyakati tatu za faragha ambazo hata watoto wa nyumbani na watumishi hubisha hodi: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa kuvua nguo adhuhuri, na baada ya sala ya isha. Daka na njia iliyopinda ni hodi iliyojengwa kwa mawe. Bali jambo lisemwalo kwa nadra ni kwamba kiwanda kilimpa mwanamke wa kiungwana jua na anga pasi na kuonekana. Bila kiwanda, sitara ingalikuwa kifungo tu. Na kwa wajakazi, ambao kazi yao ndiyo iliyoiendesha nyumba hiyo, ilikuwa kifungo hata pamoja na kiwanda.

Kibla nacho kilisaidia. Kwa mtu wa Lamu au Unguja, Makka iko karibu kaskazini halisi. Nyumba iliyonyooshwa kwa kibla huelekeza nyuso zake ndefu kaskazini na kusini, na katika nchi zilizo karibu na ikweta hizo ndizo nyuso salama, kwa kuwa jua la mchana huzipita kwa juu na upenu mfupi huzitosha. Taabu hutoka mashariki na magharibi, jua linapokuwa chini na kuingia ndani kama mkuki.

Yapata mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utenzi wake wa kumuusia binti, na ndani yake mna usafi wa nyumba, manukato na utulivu wa chumbani. Mwezi Februari wa mwaka huo huo Burton na Speke waliwasili Ujiji, wakakuta watu wa pwani wamewatangulia kufika Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu ndizo zilizowapeleka huko, na watumwa. Hilo halina budi kusemwa kila usifiwapo ustaarabu wa misafara.

Nyumba ilisafiri nao, lakini kwa sura gani? Matumbawe hayakubebeka, wala mikoko, wala chokaa ya pwani. Kilichofika ni mpango tu, uliohifadhiwa kichwani kama mtu ahifadhivyo bahari za shairi. Huko Kwihara, karibu na Tabora, lingaliko tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872: kuta nene za udongo, dari bapa, ua wa ndani. Vitu vyote ni vya bara, ila mpangilio wake mtu wa Lamu angeutambua hata gizani.

Huko ziwani na katika miji ya barabara za misafara ilienea baadaye nyumba nyepesi zaidi, ile ya vyumba sita: ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele na ua nyuma wenye jiko na choo. Kiwanda kimehamishwa kutoka moyoni mwa nyumba hadi mgongoni. Upepo hupita ukumbini bila kizuizi, na jicho nalo hupita vilevile, kwa kuwa ile njia iliyopinda imetoweka. Pazia la kitambaa likapewa kazi ya ukuta wa mawe.

Kirando iko katika mwambao huo, wilayani Nkasi, chini ya nyanda za Ufipa. Sumbawanga, huko juu, iko kwenye mita 1,800 hivi juu ya bahari na baridi yake inajulikana. Kirando iko chini yake kwa zaidi ya mita 1,000, penye joto, dagaa na migebuka. Mchana upepo hutoka ziwani, na usiku hewa ya baridi huteremka kutoka milimani. Kibla hapo si kaskazini tena, kimeinama nyuzi 17 hivi kuelekea mashariki. Na liko geuzo kubwa zaidi: Lamu huyatazama maji kwa upande wa mashariki, hivyo baada ya alasiri mji wenyewe huitilia forodha kivuli. Kirando huyatazama maji kwa upande wa magharibi. Baraza iliyoelekezwa majini, ambayo Lamu ni raha ya jioni, Kirando hupigwa na jua mara mbili, la angani na la mng'ao wa ziwa. Tena kwa saa ya ukutani jua la huko huchwa zaidi ya nusu saa baada ya la Unguja.

Hesabu yake si ngumu. Mwezi Juni, jua la mchana likiwa kaskazini, upenu wa mita 1 hufunika mita moja na nusu ya ukuta wa upande huo. Saa moja kabla ya magharibi, upenu ule ule haufuniki hata sentimita 30 za ukuta unaolitazama jua. Anayefungua dirisha pana upande wa ziwa kwa kupenda mandhari atalifunga pazia jioni, na likiwa linatazamana na njia atalifunga mchana kutwa, kisha awashe taa ndani jua likiwaka nje.

Mabati yaliongeza taabu. Nyasi huzuia joto, bali bati lisilo na dari chini yake hulimimina juu ya vichwa. Zaidi ya hayo, ua ndio unaoliwa kwanza familia inapohitaji chumba cha kupangisha. Kikijengwa humo, vyumba vya nyuma hupoteza nuru na upepo kwa pamoja, na wanawake hupoteza mahali pa kuanika, kupika na kuzungumza. Majumba ya Michenzani, Unguja, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yalitoa madirisha mengi, maji na umeme, yakaondoa ua. Fundi wa Kirando hana haja ya mchoro wa ghorofa kama zile. Anaweza kugeuza ncha fupi ya nyumba ilikabili ziwa, akaweka matundu ya hewa juu ya kimo cha mtu upande huo ili upepo wa mchana uingie bila jicho la nje, akaufungua ukuta wa kaskazini chini ya upenu, na kuuacha ua bila chumba. Baraza ya jioni ataijenga upande wa mashariki, kivulini mwa nyumba yenyewe.