Kupanda Uluguru wakati wa masika: Mambo ya kujua kabla hujatoka Magomeni

Kuanzia Machi hadi Mei, njia za Milima ya Uluguru mkoani Morogoro hubadilika. Udongo unaoshika kiatu vizuri wakati wa kiangazi hugeuka utelezi, na vijito vya kuruka kwa hatua moja hujaa ghafla. Kwa anayepanda na kurudi Dar siku hiyohiyo, cha kwanza siyo kufika juu, ni kushuka salama kabla ya giza.

Angalia Jangwani kwanza

Mvua kubwa ikinyesha, Mto Msimbazi hufurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani na mwendokasi husimama. Mkazi wa Magomeni anayetegemea treni ya SGR, iliyoanza safari za Morogoro Juni 2024, anaweza kukwama kabla hajafika stesheni. Siku kama hiyo, basi la kutoka Kituo cha Magufuli, Mbezi, lina nafuu kwa sababu huvuki Jangwani.

Morningside au Lupanga?

Mji wa Morogoro uko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga ni zaidi ya mita 2,100. Sehemu kubwa ya njia yake ni mteremko mkali ndani ya msitu, wenye mizizi inayoteleza ikilowa. Kwa asiye mzoefu, Lupanga isubiri Juni.

Morningside, penye jengo la zamani la enzi za Wajerumani, iko chini zaidi na njia yake hupita kwenye mashamba na makazi ya Waluguru. Hata hapo tope lipo, lakini msaada uko karibu.

Panga saa ya kugeuka

Anza alfajiri ukiweza. Ikifika saa saba mchana, geuka hata kama hujafika. Kwenye tope, kushuka kunaweza kula muda sawa na kupanda, na msituni giza huwahi kabla ya saa 12 jioni.

Kijito kikibadilika rangi na kuanza kubeba matawi, usivuke. Subiri mvua ikatike, maji yapungue. Ukisikia radi, ondoka sehemu ya wazi.

Epuka pia kukaa chini ya mteremko uliopasuka. Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua zaidi ya watu 80 Katesh na maeneo jirani.

Cha kubeba

- Viatu vyenye meno na fimbo
- Koti la mvua
- Nguo kavu kwenye mfuko usiopitisha maji
- Tochi, maji na chakula
- Simu yenye chaji

Usidharau baridi. Joto hupungua kama nyuzi 6 kila ukipanda mita 1,000, na aliyeloa hutetemeka haraka.

Kibali na mwenyeji

Msitu wa hifadhi uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), hivyo ulizia kibali kabla ya kuingia. Chukua mwongozaji wa hapohapo, anayejua kijito kipi kimejaa wiki hiyo.

Usiku wa kuamkia safari, soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA). Ukikuta tahadhari ya mvua kubwa kwa Morogoro, ahirisha. Mlima haukimbii.